Uzi Mwekundu Chini ya Betri

Haya alinisimulia Twumasi kwa kinywa chake, Jumamosi ile ya msiba wa nyumba ya pili, tumevaa nyeusi, tumekaa chini ya turubai tukiwangoja wapiga ngoma wamalize kula. Aliniambia, "Nana, liandike kama lilivyo. Usinipambe."

Basi simpambi.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asipotee. Twumasi ni fundi umeme wa magari pale Magazine, mtaa wa magereji wa Suame, hapa Kumasi. Tumeshaona kibanda chake kikiungua, tumeona mkewe akifunga mizigo kurudi kwao, tumeona sanduku lake la vifaa likibebwa mchana kweupe na mtu aliyemwamkia vizuri. Mwaka huu ndiyo kwanza mambo yakaanza kumnyookea. Mafundi umeme wa mstari wao wa vibanda walimchagua awe mkubwa wao, na Jumapili walikuwa wamkalishe kiti.

Ndipo akatokea Maame Dufie na mayai mawili.

Dufie anakaa Mampong, juu kule kilimani. Mumewe, Agya Nsiah, figo zimekufa. Kila Jumanne na Ijumaa anamleta Kumasi asafishwe damu. Kushuka, gari halina neno. Kurudi, likifika kwenye kile kilima, nguvu zinaliishia, linatambaa, mwisho linasimama. Mara tatu mzee wa watu amelala kando ya barabara, kichwa mapajani mwa mkewe, malori yakiwapita na kuwamwagia moshi.

Fundi injini aliyelishika gari hilo ni Bediako, shemeji yake Twumasi, amemwoa Afriyie, mdogo wake Twumasi. Bediako alibadilisha vali ya moshi, ile inayochukua moshi kidogo wa injini na kuurudisha ndani uungue tena. Vali mpya, ugonjwa ule ule. Dufie akasema ameibiwa vali yake nzima akawekewa takataka. Bediako akakana. Dufie akasema haya, anakwenda mtoni Antoa kuvunja mayai na kulaani, mto utamtafuta mwizi wake.

Kwetu mtu akiutaja mto ule na mayai mkononi, hata aliyekuwa akicheka hufunga mdomo.

Na Twumasi, mbele ya mstari mzima, akapiga kifua: "Mwacheni aende! Shemeji yangu hajawahi kuiba hata nati. Nenda, Mama, wala usichelewe!"

Wiki jana tulimwacha hapo, kifua kimejaa. Tuendelee.

Ilikuwa Jumanne. Dufie alikwishamwacha mumewe hospitali. Akamkabidhi Twumasi ufunguo.

"Wewe ni fundi wa nyaya, si wa vali," akamwambia. "Huna cha kumfichia shemeji yako. Nikirudi nataka kujua nimeibiwa nini."

"Ukirudi utajua, Mama."

Akaondoka na mayai yake kwenye kikapu, ameyafunika kwa kitambaa kama mtu anayepeleka zawadi kwa mzazi.

Bediako alikuwa amekaa juu ya injini kuukuu, mikono katikati ya magoti. Siku ya tatu hiyo hajatia kitu tumboni. Afriyie alimtuma mtoto na ugali wa kenkey na samaki, nzi ndio waliokula.

"Shemeji," Bediako akasema. "Liache hilo gari."

"Niliache vipi?"

"Funga boneti. Mwambie umeshindwa."

"Mimi nishindwe? Jumapili nakalishwa kiti, Jumanne nishindwe na gari la dizeli?"

"Basi nyamaza ufanye, usiniulize kitu."

Twumasi akacheka. Alidhani ni njaa inayosema.

Akaanza. Kwanza taa ya onyo. Alipowasha ufunguo haikuwaka kabisa. Akafungua dashibodi, akakuta mtu amebandika tepu nyeusi juu ya taa. Ndiyo dawa ya fundi fulani: taa isipoonekana, ugonjwa umepona.

"Huyu angekuwa daktari," Twumasi akasema, "angemziba mgonjwa mdomo asikohoe."

Watu wakacheka. Bediako hakucheka.

Akafungua bomba la moshi. Humo akakuta kipande cha bati, kimekatwa kwenye kopo la maziwa, kimewekwa katikati kuziba njia. Hiyo nayo ni dawa ya Magazine, kila mtu ameifanya. Moshi ukizibwa, gari linapumua vizuri siku mbili tatu, mteja anakwenda kwao, anakushukuru akiwa mbali.

"Hili bati ni lako, shemeji?"

"Si langu. La fundi wa Tafo, kabla yangu. Nilimwambia Mama tulitoe, akaogopa."

Twumasi akalitoa. Kisha akaleta ile mashine ya kusoma gari, akaichomeka. Ikaandika: hitilafu kwenye njia ya umeme ya vali ya moshi.

"Haya, sikilizeni," akasema, maana alikuwa ameshaanza kuongea kama mwenye kiti. "Imesema njia ya umeme. Mafundi wanne wamesoma neno vali, wakaivamia vali. Mmoja kaificha taa yake, mmoja kaisafisha, mmoja kaiziba, mmoja kaibadilisha. Nani kaigusa njia?"

Akaing'oa vali ya Bediako. Akaipa umeme wa betri kidogo tu, kama unavyomwonjesha mtoto uji. Vali ikafumbua, ikafumba. Akairudia mara kumi. Mara kumi ikafumbua, ikafumba, kama mdomo wa samaki aliyetoka majini.

"Mmeona? Vali ni nzima! Shemeji yangu msafi!"

Wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Mpigie yule mama ageuze na mayai yake!"

Twumasi akapiga. Simu ya Dufie imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

"Haidhuru," akasema. "Mto hauli asiye na kosa."

Bediako akainuka. Akamshika mkono. "Vali ni nzima, basi inatosha. Rudisha, funga. Nakuomba, Twumasi."

Alimwita kwa jina. Shemeji hamwiti shemeji yake kwa jina pale isipokuwa kuna jambo.

"Una nini wewe? Nakusafisha jina lako halafu unanivuta shati?"

Bediako akamwachia. Akarudi kwenye injini yake kuukuu akakaa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo taabu yote ya Twumasi ilipoanzia.

Nyaya za vali ile ni tano. Zinatoka kwenye vali, zinapita chini ya betri, zinakwenda kwenye kompyuta ya gari. Twumasi akachomoa huku na huku, akachukua mita, akapima waya mmoja mmoja. Mita ikalia. Wa pili, ikalia. Zote tano zikalia. Maana yake nyaya hazijakatika.

Fundi mwingine angeishia hapo. Angesema nyaya nzima, vali nzima, basi kompyuta imekufa, nenda katafute nyingine. Twumasi alifundishwa na mzee mmoja, Mzee Gyasi, aliyekuwa fundi cherehani kabla hajawa fundi umeme. Mzee yule alikuwa akisema mita ni mgeni wa adabu, ukimwambia umeshiba anakubali. Balbu ndiyo mwenye njaa. Mpe waya balbu aibebe, utajua una nguvu au unajikaza tu.

Akatafuta balbu ndogo. Upande mmoja wa waya akaupa betri, upande wa pili balbu.

Waya wa kwanza: balbu ikawaka nyeupe. Wa pili, nyeupe. Wa tatu, wa nne, nyeupe.

Wa tano ikawaka nyekundu hafifu, kama jicho la mtu aliyekesha.

Akaushika ule mfungo wa nyaya, akautikisa. Ikazima.

"Nimekupata," Twumasi akasema polepole.

Jua lilikuwa utosini. Jasho linamwingia machoni. Akatoa betri, akatoa sahani ya betri, akaingiza mkono. Akaukuta uvimbe kwenye waya. Kuna mtu aliunga waya hapo.

Tepu ya juu ilikuwa mpya, bado inanata. Hilo alilishangaa. Kiungo kikuukuu, tepu mpya? Akaibandua. Chini yake tepu nyingine, ya zamani, imekauka kama ganda la kitunguu. Akaibandua na hiyo.

Chini yake kulikuwa na uzi mwekundu.

Uzi wa cherehani. Umezungushwa vizuri, mzunguko kwa mzunguko, fundo dogo mwishoni.

Twumasi akabaki ameinama vile vile, kichwa ndani ya boneti.

Mzee Gyasi ndiye aliyewafundisha kufunga kiungo kwa uzi kabla ya tepu, ili joto la injini lisiifungue. Mzee kafa. Wenzake Twumasi waliofundishwa naye, mmoja yuko Tamale, mwingine kaacha kazi kawa mchungaji. Magazine nzima aliyebaki na uzi ule ni mmoja. Na kijiti chake kilichozungushiwa uzi kama huo kilikuwa mfukoni mwake wakati ule ule, kikimchoma paja.

"Vipi, mkubwa?" mtu akauliza nyuma. "Umeona nini?"

"Ngoja."

Akakwaruza kwa ukucha chini ya ile sahani ya betri. Rangi ya fedha ikatoka. Chini yake buluu.

Ndipo akalikumbuka. Miaka minne nyuma gari lilikuwa la buluu, la karani mmoja wa kakao. Panya alitafuna waya. Karani ana haraka, anawahi msiba. Umeme umekatika Magazine nzima tangu asubuhi, chuma cha kuchomea kimelala baridi. Twumasi akazisokota nyuzi za waya kwa vidole, akafunga uzi, akafunga tepu. Akamwambia karani, "Rudi Jumatatu niuchomee kwa risasi ya kuyeyusha ushike sawasawa."

Karani hakurudi. Na Twumasi hakumtafuta. Karani akauza gari, aliyenunua akalipaka rangi, likafika kwa Dufie.

Kumbe zile nyuzi zilikuwa zimekatika moja moja kwa mtikisiko, miaka minne, zikabaki mbili. Mbili zinatosha kuidanganya mita. Hazitoshi kupanda kilima.

Na yeye ndiye aliyesema, nenda, Mama, wala usichelewe.

Akapiga simu ya Dufie mara ya tatu. Imezimwa.

Akakikata kile kipande chenye uzi, akakitia mfukoni. Siku hiyo umeme ulikuwepo. Akachomea waya mpya kwa risasi, akafunga, akarudisha betri. Balbu ikawaka nyeupe. Kazi yote haikumaliza muda wa kunywa maji. Kitu hicho alidaiwa miaka minne na mgonjwa amelala barabarani mara tatu.

Alipogeuka, Bediako alikuwa anamtazama. Kisha Bediako akainamisha macho, akaanza kuchora chini kwa kijiti.

Dufie alirudi saa nane. Viatu mkononi, miguu imejaa vumbi, kikapu kitupu.

"Nimemaliza," akasema. Akakaa kwenye tairi. "Mnataka kujua nimesemaje?"

Hakuna aliyetaka. Akasema tu.

"Nimesema: aliyeniharibia gari langu, mume wangu akalala njiani kama mbuzi aliyegongwa, mto umtazame kabla ya siku nane. Na aliyejua akanyamaza, naye mto umtazame vile vile."

Akawa anamwangalia Bediako. Bediako akawa anaangalia kijiti chake.

"Haya, Twumasi. Nimeibiwa nini?"

"Hukuibiwa, Mama. Vali yako ni nzima. Ni waya."

"Waya gani?"

"Kuna kiungo cha zamani. Kilikuwa kibovu. Nimekitengeneza."

"Nani alikifunga hivyo?"

Twumasi akafungua mdomo. Aliniambia, Nana, ulimi ulikuwepo, maneno yalikuwepo, mate ndiyo yaliyokosekana. Na kabla hajayapata, vijana wa mstari wakaanza kelele: "Mkubwa wetu! Mafundi wanne wameshindwa! Jumapili tutakubeba juu juu!" Wakampiga mgongo. Mmoja akamvisha kofia yake.

Akaufunga mdomo.

"Basi utaendesha wewe," Dufie akasema. "Mimi sina mguu wa kukanyaga kitu. Tukamchukue mzee, utupandishe kilima. Kikikataa tena, nitakuacha wewe ndiye ulale barabarani."

"Kilima hakitakataa, Mama."

Walipoondoka, Bediako alikuwa bado amekaa. Kenkey yake bado haijaguswa.

Agya Nsiah walimkuta kwenye benchi la hospitali, mkono umefungwa bandeji, uso wa kijivu. Zamani alikuwa dereva wa malori ya Kumasi kwenda Bolga. Mtu mrefu, sasa amebaki shati na mifupa.

"Nani huyu?" akauliza.

"Fundi," Dufie akasema.

"Wa ngapi?"

"Wa tano."

"Pole, mwanangu," akamwambia Twumasi. "Figo zangu zilichoka kwanza, gari likaona na lenyewe lipumzike."

Wakamlaza kiti cha nyuma. Dufie akakaa mbele. Twumasi anaendesha, kile kipande cha waya kiko mfukoni kama kaa la moto. Anamfikiria Bediako, siku tatu hajala. Anaifikiria Jumapili, kiti, kofia. Anajiambia nitasema tukifika Jamasi. Jamasi ikapita. Nitasema pale kwenye kituo cha mafuta. Kituo kikapita.

Wakafika chini ya kilima. Jua linashuka, barabara inapanda mbele yao.

"Simama," Dufie akasema. "Hapa ndipo linapofia. Ngoja niombe kwanza."

Akafumba macho. Midomo ikicheza. Twumasi akazitazama zile nywele za mvi zilizochungulia kitambaani, na vumbi la njia ya mtoni bado liko kwenye vifundo vya miguu yake. Akatia mkono mfukoni, akakitoa kile kipande, akakiweka juu ya dashibodi.

Dufie akafumbua macho. "Nini hicho?"

"Ndicho kiungo kibovu, Mama."

"Na huu uzi?"

"Uzi ni wangu."

Hakuelewa. Akamweleza. Karani, panya, umeme kukatika, Jumatatu ambayo haikufika. Hakuruka kitu. Akatoa na kile kijiti cha uzi, akakiweka kando ya kile kipande, wekundu mmoja.

"Bediako hana kosa," akamalizia. "Uliyemvunjia mayai ni mimi."

Lori la mbao likawapita, likaanza kupanda likiguna.

Dufie hakupiga kelele. Twumasi aliniambia afadhali angepiga.

"Uliniambia niende," akasema. "Wala nisichelewe."

"Nilisema, Mama."

"Nikatembea kwa miguu kutoka barabara kuu, kwa maana gari langu lilikuwa kwako."

"Ndiyo, Mama."

"Nina hasira na wewe, Twumasi. Ila nazo zimechoka kama mimi. Endesha."

Akatia gia. Gari likapanda. Gia ya pili, gia ya tatu. Kona ya kwanza. Pale palipo na mti uliokatwa, pale mzee alipolazwa mara ya mwisho, wakapita kama wanaoteleza. Wakalifikia lile lori la mbao, wakalipita.

Kutoka nyuma sauti ikauliza, "Tumempita nani?"

"Lori," Dufie akasema.

"Limejaa au tupu?"

"Limejaa mbao."

"Si neno. Kupita ni kupita."

Dufie akageuza uso dirishani. Akapangusa jicho kwa ncha ya kitambaa, mara moja tu, kama mtu anayetoa mdudu.

Walipofika juu akasema, bila kugeuka: "Aliyelitupa neno ndiye anayelirudisha. Kesho alfajiri tutashuka, nitakwenda kulichukua. Kondoo wa kuondolea laana utaleta wewe, na vinywaji."

"Nitaleta."

"Na utasema mbele ya wale wazee wa mto, kwa sauti, kama ulivyonipigia kifua pale Magazine."

"Nitasema." Akakumbuka kiti. "Na mstari wangu nitawaambia, wamtafute mtu mwingine wa Jumapili."

"Hilo ni lako na wao." Akamgeukia. "Lakini lisikilize na hili. Mimi nilitaja wawili. Aliyefanya, na aliyejua akanyamaza. Kama huyo wa pili yupo, naye aje kwa miguu yake, aseme kwa kinywa chake. Mimi siwezi kumchomoa mtu ambaye hakujitokeza. Yupo?"

"Hayupo, Mama. Nani angejua? Hata mimi nilikuwa sijui."

Na alisema kweli, kama alivyoijua wakati ule.

Nyumbani kwa Dufie walimshusha mzee, wakamwingiza ndani. Dufie akamletea Twumasi ampesi, ndizi za kuchemsha, na mchuzi wa kontomire, majani ya magimbi, akamwonyesha chumba cha mbele. Twumasi akasema atalala garini, maana safari ni alfajiri. Haikufika hata saa mbili, sauti za ndani zikakoma, taa ikiwa bado inawaka. Akachungulia dirishani kuuliza maji, akamwona Dufie amelala amekaa, kichwa ukutani, kitambaa bado kichwani, na mzee amelala kwenye mkeka miguuni pake. Akarudi garini kwa ncha za vidole.

Akalaza kiti. Akampigia Bediako.

"Shemeji," akasema, "kula."

Akasikia kitanda kikilia.

"Unanisikia? Kula. Kiungo kilikuwa changu. Uzi ni wangu. Nimemwambia yule mama kila kitu. Kesho anarudisha neno lake. Wewe huna kosa, amka ule."

Akasikia Bediako anavuta pumzi ndefu.

"Najua ni chako," Bediako akasema.

"Unajua vipi?"

"Niliuona uzi. Mwezi jana, nilipotoa betri niweke vali."

Twumasi akaketi wima. Ndipo ile tepu mpya, iliyokuwa bado inanata, ilipomrudia akilini.

"Ile tepu ya juu..."

"Ni yangu. Nilipima kwa mita, ikalia. Nikasema kiungo ni kizima, lakini mteja akiona kimesokotwa bila risasi, jina lako limekwisha, na watu ndiyo kwanza wamekuchagua. Nikakifunika. Vali ilipokataa kuponya nikaanza kuwa na wasiwasi. Nikasema acha akae kwenye kiti kwanza, nitamwambia pole pole tukakitengeneze. Yule mama akanitangulia na mayai yake."

"Ukakaa kimya unaitwa mwizi."

"Ulinipa dada yako, na nyumba yenu nzima haikunitaka. Nikuambie nini?"

Twumasi akakiokota kile kipande dashibodini, akakirudisha.

"Basi umesikia alivyosema mtoni," akasema mwishowe. "Aliyejua akanyamaza. Kesho uje. Nakupitia alfajiri, useme kwa kinywa chako, anakuondoa."

"Nitakuja. Hilo halinisumbui."

"Linalokusumbua?"

Bediako akashusha sauti.

"Sikunyamaza peke yangu, shemeji. Siku ile nilirudi nyumbani roho nzito, nikamwambia mke wangu. Afriyie anajua tangu mwezi jana. Akasema kaka yangu ameungua kibanda, amekimbiwa na mke, mwache apate kiti chake. Akanyamaza na yeye."

Twumasi akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limezimwa.

Afriyie alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkunga alikwishamkataza gari, hata la kwenda sokoni. Damu ilimtoka mara mbili, akaambiwa alale kitandani mpaka siku yake. Na mama yao ni mlokole, mbele yake hakuna atakayelitaja jina la mto ule akatoka salama. Nani atamtoa binti yule, kwa gari lipi, apelekwe mtoni akaseme kwa kinywa chake? Na asipopelekwa?

"Yuko wapi sasa?"

"Hapa pembeni yangu. Amelala. Ameshika tumbo."

"Alisikia yule mama alivyosema?"

"Sijamwambia. Wewe ungemwambia?"

"Usimwamshe."

"Simwamshi."

Wakakaa hivyo, kila mmoja ameshika simu yake, mmoja Kumasi, mmoja juu ya kilima. Injini ilikuwa inapoa, ikitoa mlio mdogo wa chuma kinachojikunja.

"Shemeji," Bediako akasema.

"Naam."

"Ile kenkey niliila ulipoondoka. Nilikuona ulivyokitia kile kipande mfukoni. Nikajua utasema."

"Mimi mwenyewe sikujua."

Bediako hakujibu. Twumasi akaita, "Shemeji?" Akasikia kitu kinavuma. Akaibana simu sikioni. Ilikuwa ni mkoromo. Siku tatu hakulala yule, sasa usingizi umemwangusha na simu mkononi, kando ya mkewe.

Twumasi akasikiliza ule mkoromo. Na chini yake, ukisikiliza vizuri, pumzi nyingine nyepesi, ya mwanamke. Juu ya dashibodi kile kipande cha waya kilikuwa bado kipo, na uzi wake.

Akasema ataikata simu asimalize salio. Akasema kwanza afikirie namna ya kumpeleka Afriyie. Akafikiria machela. Akafikiria kumwomba Dufie kama wazee wale wanaweza kusikia neno la mtu aliye mbali. Kidole kilikuwa tayari juu ya simu, usingizi ukamwahi. Wiki ijayo tutamwamsha.